Upupu Nyuma ya Nyumba ya Ubwa

Watu hulea asumini. Ubwa alilea upupu. Masika alizifukia mbegu nyuma ya nyumba, kila mche akausimikia mti wa mkandaa wa kuparamia, na asubuhi akaumwagia maji yaliyobaki kwenye birika. Amne, mkewe, angalikuwa hai angalimuuliza kama akili zake timamu.

Lakini Amne alikwisha zikwa. Alipokuwa anaumwa, Ubwa alikwenda kwa sheha, mkubwa wa mtaa, mpaka kandambili zikaisha, kuomba kichochoro kipanuliwe gari ipite. Akaambiwa jambo liko juu. Siku alipozidiwa walimtoa kwa kiti cha plastiki, na barabarani hakufika na roho yake. Sasa ndio wakubwa wameikumbuka njia, nayo lazima ipite nyuma ya nyumba, juu ya mwasumini wa Amne, ule aliokuwa akiuchuma baada ya laasiri, vitumba havijafunguka, akawatungia vikuba vya maua maharusi wa mtaa mzima.

"Mlimnyima njia mzima, mnampa maiti," Ubwa alimwambia sheha. "Njooni basi. Mtajikuna mpaka mfupani."

Wapimaji wa njia walikuja upupu ungali mbichi, hauwashi. Miti ya mikandaa iliwazuia kuvuta kamba yao, wakaing'oa, wakaitupa mtaroni.

"Mzee Ubwa, irudishe," alisema Bi Saadiya, jirani, kutoka dirishani kwake. "Hilo dude linatafuta pa kushika."

"Aliyeng'oa ndiye atakayesimika."

"Haya. Kaa ungoje serikali ije ikusimikie miti."

Akangoja kweli. Kila akipita aliiona miti imelala mtaroni, akatema mate, akaenda zake. Upupu haukungoja. Uliushika mwasumini, ukausokota tawi kwa tawi, na kusi ilipovuma maganda yalikwisha kauka juu yake, yana manyoya kama paka.

Sheha akaja na vijana wawili wenye mapanga. Walipoona, wakarudi nyuma.

"Sheha, huu upupu. Mie simo," alisema mmoja wao.

Ubwa alicheka, mara ya kwanza tangu matanga.

"Kaleteni mafuta ya taa," alisema sheha. "Tunachoma."

Kicheko kikamkatikia. "Mna mwasumini humo."

"Mie sioni mwasumini. Naona upupu ulioufuga mwenyewe."

"Nyinyi ndio mliong'oa miti."

"Na wewe mikono ulikuwa nayo."

Ubwa akaingia na kanzu yake vilevile, akaanza kuusokotoa upupu kwa vidole. Manyoya yakamwingia shingoni, machoni, kwapani. Bi Saadiya akamletea kibakuli cha majivu ajipake, yeye akakipiga teke. Aliendelea kutukana, sheha kwanza, kisha waliomweka sheha, na mikono ikawa inamwasha lakini haikukata hata kitawi kimoja cha asumini.

Mwasumini ulipotoka, ulikuwa wa manjano, umekonda kama Amne alivyokuwa siku za mwisho. Kitumba kimoja kilibaki kileleni.

Ubwa akaubeba upupu wote kifuani, akaenda kuutupa mdomoni mwa kichochoro walikorudi nyuma, miguuni pa sheha, upande unaotoka upepo, manyoya yawarukie.

"Njia yenu hiyo," alisema. "Piteni."

Akarudi, akaketi akauegemea mwasumini, akajikuna mpaka damu, akiwatazama.