Nyongeza ya Geneviève

Jonan alirudi kwake Kilembe saa nane mchana, miguu ikimtetemeka, na kabla hata ya kuvua buti akaingiza mkono nyuma ya dumu la maji. Mfuko haukuwapo.

Akapapasa tena. Akahamisha dumu, akainua sufuria, akapekua hadi chini ya godoro, mahali alipojua fika kwamba hakuweka kitu. Ulikuwa mfuko mdogo wa plastiki tu, wenye unga mweupe, lakini siku hiyo roho yake yote ilikuwa humo.

Wapagazi wa mlimani wana desturi yao. Chochote mgeni anachowaachia wakishashuka hugawanywa sawa kwa sawa pale pale, mbele ya macho ya wote. Jumapili iliyopita mgeni mmoja aliacha kopo kubwa la protini, ule unga wanaokunywa wanamichezo baada ya mazoezi ili misuli iliyochoka ijijenge upya. Wapagazi kumi na watatu wakaupima kwa kijiko, kila mtu akaondoka na fungu lake. Kopo tupu lilimwangukia Kosmasi, ambaye aliwasomea maelezo kwa sauti ya kanisani: vijiko vichache baada ya kazi, si kabla. Jonan akauficha wake usubiri Alhamisi.

Maana Alhamisi na Ijumaa ulikuwa mtihani. Watu kumi na watatu, nafasi kumi za msimu mzima. Kilo ishirini na tano mgongoni hadi kambi ya kwanza na kurudi, siku mbili mfululizo, na muda wa siku zote mbili unajumlishwa. Jonan alikuwa na miaka arobaini na sita. Siku ya kwanza haikumtisha. Ya pili ndiyo iliyomnyima usingizi, pale miguu inapoamka imekauka kama kuni. Na leo, siku ya kwanza yenyewe, alikuwa ameshika nafasi ya kumi na moja.

"Immy! Ile kaveera ya unga iko wapi?"

Mkewe alikuwa uani akianika mihogo. "Ile ya nyuma ya dumu? Nilienda nayo Bwera, soko ya Jumanne."

"Ukauza?"

"Nani atauza kaveera kadogo vile? Nilimpa mteja wangu Geneviève, nyongeza ya unga wake."

Sasa mwanamume, ukificha unga mweupe ndani ya nyumba ya muuza unga wa muhogo, na usimwambie neno, utamlaumu nani? Jonan alimlaumu Immy hata hivyo. Alimlaumu mpaka sauti ikamkauka. Immy akamsikiliza, kisha akasema, "Baba Nobert, nyongeza hairudishwi. Kula, ulale, upumzishe miguu."

Ulikuwa ushauri mzuri, na Jonan hakuusikia. Hakuweza kukaa. Akikaa, mapaja yanamvuta. Akisimama, anaona majina kumi yameandikwa na lake halimo. Akaita pikipiki, akashuka Kasese, akashika barabara ya Bwera, kila shimo likimpanda hadi kiunoni.

Geneviève, mama aliyekimbia vita vya Beni kule Kongo, alikuwa akipika ugali na sombe ya majani ya muhogo nyuma ya soko. Jonan hakumaliza hata salamu.

"Ile nyongeza ya Immy. Haikuwa unga wa muhogo."

Geneviève akacheka. "Mimi pia niliona! Nilisonga bugali, ikakatala. Nikaonja, sukari. Nikasema, hii ni maziwa ya poudre, Immy iko na roho muzuri. Sasa nawekeaka papa mu uji."

Akaonyesha kwa mwiko. Mlangoni, juu ya kigoda, baba yake, mzee Ezéchiel, alikuwa ameshika kikombe cha bati kwa mikono miwili.

"Alikuwa hakule kitu, miezi mbili. Lakini ile uji anaikunywa. Jana alitoka mwenyewe, akaikala pale."

Jonan alimtazama mzee. Aliona vifundo vya miguu vilivyokonda. Aliona pia orodha ya majina kumi. Moyo ulimwambia aondoke, na mdomo ukasema, "Ni yangu, mama. Ni dawa ya kazi. Kesho niko na mtihani."

Geneviève aliacha kucheka. Hakubisha. Aliingia ndani, akatoka na mfuko uliobaki nusu, akamkabidhi kwa mikono miwili kama mtu anayempa mgeni zawadi. Jonan angependa atukanwe. Mzee, ambaye hakuwa amesikia chochote, aliinua kikombe chake kumwelekea binti yake aongezewe uji, kama alivyofanya siku iliyotangulia.

Jonan akapanda pikipiki bila kugeuka nyuma.

Nyumbani alikoroga unga wote kwa maji, akanywa wima, Immy akimtazama. Hakulala vizuri. Alfajiri miguu iliuma kama alivyoiogopa, lakini akabeba mzigo na kupanda kwa hasira, asijue anamkasirikia nani, akampita mmoja, akampita wa pili. Majina yaliposomwa, lake lilikuwa la kumi.

Okot, msimamizi wao, mwanajeshi mstaafu, alimpiga begani. "Wewe muzee! Jana ulikuwa maiti, leo unapanda kama mbuzi. Sema, ulikula nini?"

"Uji ya muzee moja wa Bwera, afande."

Wote wakaangua kicheko. Kosmasi akataka kujua kama mzee huyo amebakiwa na mwingine.

Jonan akaketi juu ya mzigo wake, akayashika mapaja yaliyokuwa bado yanatetemeka. Hakujua kama ni ule unga uliompandisha au ni miguu yake mwenyewe. Hatajua kamwe, na pengine miguu ingepanda tu hata bila huo unga.