Fundo Moja, Kijani

Kidole gumba kilipita kwenye kona ya jora, kikarudi, kikapita tena. Hakikukuta kitu.

Mama Pindo akavuta jora la pili kutoka rafuni, kisha la tatu. Yote laini, yote safi, hakuna hata kijiuzi. 

Jina hilo alipewa na wenzake wa karakana ya ushonaji, kwa sababu pindo alilolipiga yeye halikuwahi kufumuka. Miaka ishirini na sita, cherehani ileile, kiti kilekile chenye mguu mfupi. Lakini mwaka huu wote alikuwa na siri. Mtoto wa jicho alikuwa amemkalia macho yote mawili. Nyeupe aliiona, nyekundu na njano alizitambua bila taabu, ila kijani, buluu na nyeusi zilimjia zote rangi moja, rangi ya jivu. Basi akajitungia dawa yake: uzi mfupi kwenye kona ya kila jora. Fundo moja, kijani. Mawili, buluu. Matatu, nyeusi. Aligusa, akajua, akakata, akashona, na hakuna aliyeng'amua.

"Mama, umeona nilivyosafisha rafu?"

Aliyeuliza alikuwa mkwewe, mke wa mwanawe wa pekee, aliyeko mbali kutafuta maisha. Binti huyo alikuwa na wiki mbili tu pale karakanani, na kazi yake ilikuwa moja: kukata nyuzi zinazoning'inia. Mkasi haukumtoka mkononi.

"Kulikuwa na vijiuzi kila kona, vina mafundo mafundo, vinatia aibu kweli. Nimevifyeka vyote! Halafu nimepanga majora upya, marefu chini, mafupi juu."

"Ahsante, mwanangu," alisema Mama Pindo. Angesema nini? Binti wa watu alikuwa ametenda wema.

Zilikuwa zimebaki bendera mbili. Kesho yake asubuhi, katika ukumbi mkubwa mtaa wa pili, nchi kumi na saba zenye uchumi mkubwa zingekaa kujadili maendeleo ya kudumu yasiyomwacha mtu nyuma, na kila nchi ingekuwa na bendera yake ndogo mezani. Bwana wa itifaki alikuwa amekuja mwenyewe na rula. Zote kipimo kimoja, alisisitiza, tajiri mno na tajiri kidogo sawasawa, asije mtu akanuna.

"Hata wakubwa wananuniana kwa kitambaa?" Mama Pindo alimuuliza siku hiyo.

"Mama, wee acha tu," alijibu bwana wa itifaki.

Mama Pindo alicheka, ila cha juujuu tu, maana bendera mbili kati ya hizo zilimhusu yeye. Kwenye hospitali ya macho, mashine ya upasuaji ilikuwa imefunikwa turubai miezi kumi na mmoja. Nesi alimweleza bila kuficha: nchi moja ilileta mashine, nyingine iliahidi lenzi na fundi wa kuifunga, kisha zikapishana kauli juu ya nani aanze, na sasa kila kitu kilisubiri kikao. Mama Pindo aliuliza ni nchi zipi. Alipoletewa oda ya bendera, zile mbili aliziweka mwisho, azishone kwa utulivu, kama anayemwandalia mgeni kitanda. Sasa zilikuwa mbele yake, na hakujua kijani ni ipi.

Angeweza kuuliza. Lakini tajiri wake, mwenye karakana, alikuwa hatua tano tu, na masikio yake hayakuwa na likizo. Na zaidi ya tajiri, kulikuwa na lile neno lenyewe, sioni, ambalo hajawahi kulitamka hata akiwa peke yake chumbani. Fundi asiyeona ni fundi gani? Akakumbuka urefu wa majora, akapiga hesabu kichwani, akajikaza. Akakata.

Asubuhi bwana wa itifaki alizipanga bendera kumi na saba juu ya meza ya kukatia. Alipofika ya kumi na sita aliiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Mstari wa juu hapa ulitakiwa kijani. Huu ni buluu!" Sauti ilimpanda. "Mnajua mmefanya nini? Hii ni bendera ya jirani yao. Hawaivi chungu kimoja, na wala hajaalikwa!"

Tajiri alikurupuka kutoka kitini. "Nani kashona hii?"

Mkwe alitazama ile bendera, akatazama rafu, akatazama mkasi mkononi mwake. Yale mafundo. Moja, mawili, matatu. Uso ulimbadilika, akapiga hatua mbele.

"Tajiri, ni mimi. Mimi ndiye niliye..."

"Rudi nyuma, mwanangu," alisema Mama Pindo.

Alisimama, mikono kaishika mbele kama mwanafunzi. 

"Nimeshona mimi. Mtoto hana kosa. Sioni, tajiri. Mwaka mzima sasa. Kijani na buluu kwangu ni kitu kimoja."

Lo! Hata mafundi wa mwisho kule dirishani waliacha kukanyaga cherehani. Huyu mama ndiye aliyemfundisha tajiri kutunga uzi kwenye sindano, enzi hizo karakana ikiwa ya baba yake.

"Magari yanafika saa nne," alisema bwana wa itifaki kwa unyonge. "Nina dakika arobaini."

"Lete jora," alisema Mama Pindo. "Mkwe wangu, kaa hapa, ubavuni."

Akakaa. Akaweka kitambaa kiganjani mwa mama mkwe.

"Hiki?"

"Kijani, mama."

"Una hakika?"

"Kijani cha majani mabichi. Wallahi tena."

Cherehani ikaanza kunguruma. Mikono ya Mama Pindo haikuhitaji macho: iligeuza, ikakunja, ikavuta, na pindo likatoka limenyooka kama rula ya bwana wa itifaki. Mkwe alikata uzi wa mwisho huku machozi yanamdondoka, akiyafuta kwa kiwiko yasije yakaloanisha nchi ya watu. Dakika thelathini na moja. Bwana wa itifaki aliikimbiza nje bila hata kuaga.

Tajiri alibaki amesimama. Alipozungumza, alizungumza na cherehani.

"Mama, nenda ukapumzike. Siku ukipata macho, njoo. Kiti sitampa mtu."

"Nimekuelewa," alijibu. Akaifunika cherehani kwa kitambaa chake, pembe nne, akaipapasa mara moja. Kulia alilia barabarani, sauti ya chini, mkono wake begani mwa mkwewe. Walipopita karibu na ukumbi alimtuma binti akachungulie getini, pale palipowekwa televisheni kubwa.

"Zile mbili zimekaa wapi?"

"Moja huku, moja kule mwisho kabisa, mama."

"Mbali?"

"Meza ni ndefu."

Jioni ya kesho yake redio ilisoma habari za kikao. Wakubwa walikuwa wameafikiana mengi kwa ujumla. Suala la vifaa vya hospitali walilipeleka kwa kamati, nayo kamati ingekutana baada ya miezi sita. Mkwe aliizima redio kabla mtangazaji hajamaliza.

Mama Pindo alinyanyuka ajitengenezee chai, akapapasa rafu ya jikoni kutafuta sukari, kazi iliyokuwa imemshinda siku nyingi kwa kuwa makopo yalikuwa ya namna moja. Alikuwa amekunywa chai ya chumvi mara mbili na kuimaliza yote, mtu asijue.

Kidole chake kiligusa uzi. Ulikuwa umefungwa shingoni mwa kopo, mpya, umekazwa vizuri. Fundo moja. Akahamia kopo la pili. Mafundo mawili. La tatu, matatu.

Nyuma yake, mlangoni, mkasi ulikata uzi mwingine.

"Moja ni nini, mwanangu?" aliuliza, bila kugeuka.