Disketi za Mzee Gulamali

Mwalimu Masele hakuwa mtu mbaya, na hilo niliseme mapema kabla hamjaanza kumhukumu. Alifundisha hesabu kwenye shule moja ya sekondari huko Ushetu, na wanafunzi walimpenda. Ila alikuwa na ugonjwa alioupata ujanani kwenye machimbo ya Geita, alikokuwa akimnunulia dhahabu tajiri mmoja. Kule mnunuzi hasifii mali. Mchimbaji akifungua kikaratasi chake, wewe unakunja uso, unasonya, unasema hii imejaa shaba, nakusaidia tu. Anajua unadanganya, nawe unajua anajua, mnabishana, mnakutana katikati, kila mtu anakwenda zake. Masele aliacha dhahabu akashika chaki, lakini ule ulimi alikuja nao.

Mwaka tisini na saba shule ikapewa kompyuta na wafadhili wa ng'ambo. Kuukuu hiyo, nzito kama jiwe la kusagia. Ndani haikuwa na kitu; bila disketi za DOS, ile programu inayoiamsha mashine na kuitia akili, lilikuwa sanduku la kufugia vumbi tu. Masele akaandika barua kwa duka la kompyuta la Dar es Salaam, akajibiwa kwamba DOS ya zamani kiasi hicho hawauzi tena, wanauza programu mpya, na hiyo mpya mashine yake isingeiweza. Ndipo mtu akamwambia aende Kahama, mtaa wa Nyasubi, akamuulizie Mama Kausar.

Mama Kausar, jina lake Khatija, alikuwa mjane wa Mzee Gulamali, Mhindi aliyekuwa na kompyuta dukani wakati wenzake bado wanahangaika na mashine za chapa. Kompyuta yenyewe iliuzwa mzee alipozidiwa na ugonjwa. Zilibaki disketi, zile pana na laini, kwenye makasha mawili ya viatu mle dukani. Masele akamwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, na kwa kuwa mama yule alizaliwa Shinyanga hiyohiyo, wakaongezea na mwangaluka ya Kisukuma. Alipokuwa akiyapangusa makasha alipiga soga kama watu wa duka wapigavyo. Ndugu zake wote walihamia Kanada miaka ya sabini, akasema, lakini mume wake aliahirisha safari mara moja, kisha akakataa katakata, na sababu hakuitaja mpaka anaingia kaburini. Robo karne nzima amemuuliza, anajibiwa mambo ya bei ya sukari.

Disketi tatu za DOS zilikuwa juu kabisa, zimeandikwa kwa wino wa buluu. Moyo wa Masele ukaruka, uso wake ukakunjika. Mama akataja elfu tisa. Masele akainua moja kwenye mwanga wa mlango, akachungulia ule utando wa kahawia ndani yake, akasonya.

"Zimeota ukungu, mama. Hizi zimekufa, na zote zilizomo humu zimekufa. Nipe hizi tatu kwa elfu tatu nibahatishe."

Alingoja abishiwe. Mchimbaji angebisha, angemtukania na mama yake. Mama Kausar hakubisha. Alimtazama, mtu msomi, mwalimu wa watoto wa watu, akamuuliza kama kweli ni zote. Zote, akasema Masele. Mama akazipokea zile elfu tatu taratibu, na Masele akapanda lori la tumbaku kurudi shuleni, anapiga mluzi njia nzima.

Na disketi ziliamka! Ukungu uko wapi? Jenereta lilipowashwa mashine ilikoroma, ikaandika herufi zake za kijani, na darasa zima likapiga makofi. Baada ya wiki mbili wanafunzi walihitaji mahali pa kuhifadhia kazi zao, na Masele akakumbuka yale makasha mawili. Akarudi Nyasubi kuyachukua kwa bei ya kutupa.

Mama Kausar akamwambia amechelewa. Disketi zote alizichoma pamoja na takataka, nyuma ya nyumba. Kisha akaeleza, huku anapima mchele wa mteja. Mikono ya mzee ilipoanza kutetemeka hakuweza tena kushika kalamu, akawa kila jioni anampigia chapa barua yeye, mke wake, na barua zilikuwa mle kwenye disketi. Alimwambia azisome baada ya kifo chake, na jibu la Kanada atalikuta humo. Mama alikuwa akimngoja binti yake Kausar aje kutoka Mwanza atafute mashine ya kuzifungulia.

"Lakini wewe mwalimu uliniambia zimekufa," akasema, bila lawama hata chembe. "Nikaona maiti haiwekwi ndani ya nyumba."

Masele alitamani ardhi ipasuke immeze. Hapo ndipo angesema, na mimi ningekuwa nimemaliza hadithi. Lakini ulimi ule uliokuwa mwepesi kuponda mali ya watu ukawa mzito kinywani. Akaomba maji ya kunywa. Mama, maskini, akampa maji, akampa na kitabu cha mumewe cha maelezo ya DOS, bure, kiwafae wanafunzi.

Shuleni, katikati ya kurasa za kitabu kile, Masele akakuta disketi moja imebandikwa namba moja. Akaitia kwenye mashine. Ilikuwa na faili moja tu, jina lake KHATIJA.

Kumrudishia mama barua ile ilikuwa kukiri, kwa sababu kama hii ilikuwa hai, zile nyingine ziliuawa na nani? Masele alijiambia kwamba mama ameshatulia, kwa nini kumtonesha kidonda. Kila alipoipima hoja hiyo aliisikia inavyosonya, sauti ileile ya machimboni. Hakupata usingizi. Shule haikuwa na mashine ya kuchapia, basi akaketi siku tatu akiinakili barua nzima kwa mkono kwenye daftari. Jumamosi akaenda Kahama.

Alikuwa amepanga kukiri kwanza. Lakini alipotaja tu kwamba amekuta barua ya mzee kitabuni, na kumwona mama anavuta kigoda karibu, anajifuta mikono kwa ushungi, akashindwa, akaanza kusoma.

"Khatija, mashine hii haina herufi zetu za Kihindi, kwa hiyo nakuandikia Kiswahili, ndiyo lugha tuliyogombana kwayo dukani miaka yote. Umeniuliza habari za Kanada mara nyingi kuliko ulivyoniuliza kama nimekula."

Mama akacheka, machozi yakamtoka hapohapo. Masele akasoma kurasa na kurasa, harusi yao, mtoto wao wa kwanza aliyefariki, mpaka akafika mwisho.

"Siku ile niliporudi kutoka stesheni nilikudanganya kuwa tiketi za kwenda Dar es Salaam kupanda ndege zimekwisha. Hazikuwa zimekwisha. Nilifika dirishani nikageuka, na nitakueleza nilimwona nani. Nafasi humu imejaa. Endelea na ya pili."

Masele akaliweka daftari chini.

"Haya, endelea," akasema Mama Kausar.

"Hakuna ya pili, mama. Zilikuwa nzima zote. Nilizisema vibaya ili unipunguzie bei."

Mama Kausar alitazama mlango wa nyuma, kule kwenye jalala. Mteja aliingia akaulizia sabuni, hakujibiwa, akatoka.

"Ungeniambia ni za watoto wa shule," akasema mwishowe, "ningekupa bure."

Masele akainamisha kichwa. Alingoja afukuzwe, na angeshukuru kufukuzwa. Badala yake mama akalisogeza lile daftari magotini pa Masele.

"Soma tena tangu mwanzo," akasema. "Safari hii polepole."

Akasoma polepole, huku akijua ni wapi atakapofika akwame.