Maziwa Nusu Tangi

Jentrix Masinde alimkuta Absalom wodini, mguu umefungwa plasta hadi pajani. Lori lake la maziwa lilipinduka kwenye kona, akitoka Ahero kuja Kisumu, na utingo wake, Walter, akafa papo hapo.

"Injinia! Wewe ndiye wa kwanza kutoka kazini kuniona."

Jentrix aliketi kando ya kitanda. Yeye ndiye aliyechora tangi lile. Kabla halijaundwa, alilijaribu kwenye kompyuta aone maziwa yatakavyosukwasukwa lori likipiga kona. Likiwa limejaa, lilitulia. Likiwa nusu, maziwa yalipanda ubavu mmoja na kuling'oa barabarani. Lilihitaji kuta za ndani za kuvunja wimbi. Mkurugenzi wa kampuni alikataa: kuta zingekuwa shida kuosha, na tangi halingetembea likiwa nusu. Jentrix alijua lingetembea, maana maziwa mengine yangeshushwa njiani. Hata hivyo akatia sahihi.

"Polisi wanasema nilisinzia," Absalom alisema. "Nami naona ni kweli. Sikuwa na mbio, na kona ile naijua. Gari litaangukaje lenyewe? Nimeua mtoto wa watu."

Jentrix alifungua kompyuta yake, akamwonyesha wimbi la buluu likipanda ukuta wa tangi.

"Hukusinzia, Bwana Absalom. Ni maziwa yaliyoliangusha. Niliyaona haya mapema, nikanyamaza."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na mimi kila usiku namwomba Walter msamaha!" Akageuza uso. "Usiniambie pole. Nenda Sondu, umwambie mama yake kwa mdomo wako."

Jentrix alianzia kituo cha polisi, akaandikisha yote. Kesi ya Absalom ikafutwa, malori mengine yakasimamishwa, naye akaambiwa angeshtakiwa pamoja na mkurugenzi.

Kisha akaenda Sondu. Mama Walter alimsikiliza hadi mwisho akianua mahindi, bila kumtazama.

"Dereva anaendeleaje?" akauliza.

"Mguu unapona, Mama."

"Mwambie aje. Mwanangu alimpenda. Lakini wewe, hapa kwangu usirudi."

Akiwa barabarani Jentrix alimpigia Absalom simu. "Mama Walter anakuita."

Absalom aliangua kilio. Jentrix alibaki na simu sikioni, akimsikiliza, bila haki ya kumbembeleza.