Kuku Aliyetazama Mkono

Kuku wa Mama Chaki alimgomea tangu siku ya kwanza. Kuku wa walimu wenzake walikuwa wakidonoa kifuniko chekundu cha chupa kana kwamba kimepakwa samli. Wa kwake alisimama katikati ya meza, akainamisha kichwa upande, akamkodolea macho. Hakumtazama usoni. Alitazama mkono wa kulia, ule uliokuwa umezama mfukoni kwenye chenga za mahindi.

"Donoa, mama," Mama Chaki akambembeleza. "Hicho hapo, chekundu. Au hukioni?"

"Mpe adhabu ya kusimama ukutani," Kibonge akamrushia kutoka meza ya pili. "Akili itamkaa."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mama Chaki hakucheka. Yeye na Kibonge walikuwa hawachekeani.

Ukumbi wa shule ulikuwa umeondolewa viti, zikabaki meza kumi zilizotandikwa magunia, na juu ya kila meza kuku mmoja. Aliyewaleta ni kijana mmoja mrefu wa chuo kikuu, mwanasaikolojia wa tabia, mwenye miwani na kalamu tatu mfukoni. Alijieleza kuwa kazi yake ni kuchunguza jinsi viumbe wanavyojifunza, nini kinawatia hamu, na tuzo inawafundisha nini hasa. Chai ya saa nne ilikuwa haijamiminwa, walimu walishampachika jina: Daktari wa Kuku.

Masharti yake yalikuwa machache. Usimfokee kuku. Usimguse. Akidonoa kifuniko, piga ulimi, ta! papo hapo, kisha mpe chenga. Ukichelewa sekunde moja, umemtuza kwa jambo jingine.

"Na kwa nini kuku, Daktari?" mwalimu mmoja alimuuliza. "Sisi tunafundisha watoto wa watu."

"Kwa sababu mtoto ukimfundisha vibaya atakuonea huruma," kijana akajibu. "Atabahatisha, atajifanya ameelewa ili usiudhike. Kuku hana adabu hiyo."

Maneno hayo Mama Chaki aliyasikia, akayaacha yapite. Kichwani alikuwa na Ijumaa.

Habari ya Ijumaa ilikuwa hivi. Mama Chaki alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza kwa miaka kumi na tisa. Watoto wake walijua kujumlisha, na wageni walikuwa wakiletwa dirishani kuwasikiliza. Akiuliza, darasa linajibu kwa sauti moja, kama mvua inayoanguka juu ya bati. Lakini watoto haohao wakivuka kwenda darasa la pili, kwa Kibonge, wanageuka mabubu. Sita na tatu hawaijui. Mama Chaki alisema Kibonge ni mvivu, anawaua watoto wakiwa hai. Kibonge, mtu mnene mwenye sauti nyembamba, alisema watoto wanafika kwake wakiwa hawana kitu. Wamevutana hivyo miaka kumi na moja, mpaka mwalimu mkuu akachoka. Akaamua: Ijumaa yeye na huyo mtafiti wa kuku wataingia darasa la kwanza wasikilize. Watoto wakijua, basi mharibifu ni Kibonge, na atahamishwa shule. Wasipojua, Mama Chaki ataliachia darasa lake, muhula ujao aende kukaa stoo ya vitabu.

Walimu wote walijua nani ataondoka. Jumanne hiyo Kibonge alionekana akibandua picha zake ukutani, moja moja, akizikunja taratibu.

Jumatano kijana alimwita Mama Chaki pembeni, akafungua simu yake. Alikuwa amempiga picha za video bila kelele.

"Usimtazame kuku," akasema. "Jitazame mkono."

Mama Chaki akatazama. Kuku anapiga hatua kuelekea kifuniko. Kabla hajafika, mkono wa Mama Chaki unatikisika mfukoni, unajiandaa kutoa chenga. Kuku anauona, anasimama, anaugeukia. Chenga zinatoka. Mara ya pili vivyo hivyo. Mara ya tisa kuku hana habari tena na kifuniko.

"Kwa hiyo ni mjinga," Mama Chaki akasema.

"Hata kidogo, mwalimu. Amejifunza haraka kuliko wote humu. Amejifunza kutazama mkono, maana ndicho ulichomlipia."

"Lakini mimi sikumfundisha hivyo!"

"Hukukusudia," kijana akasema kwa upole. "Hapo ndipo utafiti wangu ulipo. Tunachodhani tunafundisha ni kimoja, wanachojifunza ni kingine. Makusudio yetu wao hawayaoni."

Mama Chaki alirudi nyumbani na jambo hilo kama punje ya mchanga ndani ya kiatu. Alikuwa akiishi na wifi yake, dada wa marehemu mumewe, fundi cherehani aliyejaza chumba cha mbele vitambaa na maneno. Mama Chaki akamsimulia habari ya kuku. Wifi akacheka hata mguu ukatoka kwenye kanyagio.

"Basi kuku huyo ni ndugu yangu, wifi! Na mimi nakusoma hivyohivyo."

"Unanisoma nini?"

"Nyusi. Wewe hujijui? Nikikuuliza nikate gauni refu au fupi, unasema chagua mwenyewe. Nami nataja: fupi? Kimya. Refu? Unyusi wa kulia huo, juu! Nakata refu. Miaka yote hii sijakosea hata gauni moja, ukanisifu kwa watu kwamba wifi yangu ana jicho la mitindo."

"Acha uongo wako."

"Uongo? Haya. Jioni nipike wali?" Wifi akatulia akimkazia macho. "Au viazi? Ehee! Umepanda. Viazi."

Mama Chaki akajishika paji la uso, na kweli unyusi ulikuwa juu. Wifi alikuwa bado anacheka, akarudi kwenye mshono wake. Yeye hakuona mwenzake alivyopoa ghafla, kama aliyesikia mtu akimwita kwa mbali.

Asubuhi ya Alhamisi aliingia darasani mwake, akaandika ubaoni saba kujumlisha tano. Kila siku angegeuka, awatazame, na wale arobaini na wawili wangeanza: kumi... kumi na moja... kumi na mbiliii! Kisha angepita akiwachorea nyota ya chaki nyuma ya kiganja. Ile nyota waliipenda kupita kiasi. Wengine walikuwa hawanawi mikono mpaka jioni.

Safari hii hakugeuka. Alibaki ameukabili ubao.

"Saba na tano?"

Akasikia nyuma yake viti vikisogea, mtu akipenga kamasi.

"Nimeuliza, saba na tano?"

Sauti ndogo ikatoka safu ya mbele, kwa binti mmoja mwenye pengo la meno mawili. Haikuwa na hofu wala ujanja.

"Mwalimu, geuka kwanza tukuone."

Chaki ikamvunjikia mkononi. Akasimama pale akiusoma ubao wake mwenyewe kama barua ya msiba. Miaka kumi na tisa. Nyota zote zile. Alidhani analipia hesabu, kumbe analipia kumtazama usoni. Na watoto walikuwa hodari kweli, Mungu ni shahidi, wamejifunza mpaka wakahitimu. Kisha likizo inaisha, wanaingia kwa Kibonge, na Kibonge ana uso mwingine.

Usingizi ulimpata kwa shida. Alfajiri ya Ijumaa alipiga magoti kama desturi yake, akaanza kuomba. Aliombea nyumba, akaombea wagonjwa, akaombea mumewe huko alipo. Alipofika pale pa kuomba asimshuhudie jirani yake uongo, akakatiza sala. Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyejua. Ingetosha aingie, awatazame watoto kama kawaida, na ingekuwa mvua juu ya bati, na Kibonge angebeba picha zake aende. Asingekuwa amesema uongo hata neno moja. Uso tu. Akainuka bila kusema amina.

Saa tatu mwalimu mkuu aliketi nyuma ya darasa, mtafiti kushoto kwake na daftari, Kibonge kulia kwake, mikono magotini kama mtu anayesubiri kwa daktari wa meno. Watoto walikuwa wamechanwa nywele. Macho arobaini na mawili, mara mbili, yalikuwa juu ya uso wa Mama Chaki, yakingoja.

Akaandika nane kujumlisha sita. Akaweka chaki mezani. Kisha akatembea katikati ya madawati, polepole, mpaka nyuma kabisa, akasimama ukutani karibu na kiti cha Kibonge.

Darasa lote likageuka kumfuata.

"Tazameni mbele," akasema.

Wakatazama mbele. Mmoja akageuka tena.

"Mbele, mwanangu. Nane na sita?"

Nje mtu alikuwa akifagia, ufagio ukisikika kila mkwaruzo. Mtoto wa dirishani akasema tisa, kwa kujaribu, kisha akageuka kuangalia kama tisa imepokelewa. Mwingine akasema ishirini. Binti mwenye pengo akaanza kulia kimyakimya.

"Mwalimu," mwalimu mkuu akanong'ona, "rudi mbele, unawachanganya."

"Hawajachanganyikiwa, bwana mkuu. Hawajui." Sauti ilimtoka wazi kuliko alivyotarajia. "Hawajawahi kujua. Wanasoma nyusi zangu, mimi ndiye niliyewazoesha. Mwalimu wa darasa la pili alisema kweli miaka yote hii. Mimi nilikuwa nikimwita mvivu."

Kalamu ya mtafiti ilikuwa imesimama. Mwalimu mkuu akamtazama yeye, akitaka mtu wa kumwambia la kufanya.

"Daktari, hii tuiandikeje? Amefaulu au ameshindwa?"

"Sijui," kijana akasema, na alionekana kweli hajui. "Kwenye karatasi yangu hakuna mahali pa mwalimu anayelijaribu darasa lake mwenyewe hadharani."

Mwalimu mkuu hakuwa mtu mkali, lakini alikuwa mtu wa neno moja. Ofisini alisema Kibonge haendi popote, na darasa la kwanza litapata mwalimu mwingine muhula ujao. Mama Chaki hakubisha. Aliomba jambo moja tu: aachiwe wiki saba zilizobaki. "Wiki saba niwafundishe nane na sita. Niwafundishe kwa vijiti, nikiwa nimesimama nyuma. Nikiwaacha hivi nitamjibu nini Mungu?" Akakubaliwa.

Kibonge alikuwa akimngoja barazani, jasho likimtiririka ingawa palikuwa na kivuli.

"Miaka kumi na moja," akasema.

"Najua. Naomba unisamehe, mwalimu mwenzangu."

"Mke wangu mwenyewe alianza kuniita mvivu. Unajua hilo? Kwa sababu yako."

"Nitakwenda kwake nimwambie."

"Usiende. Atakuweka chini, mtaniteta mpaka jioni." Akajifuta shingo kwa leso. Alikuwa bado ana hasira, na hakuificha, lakini palikuwa na kitu kingine kinachomsumbua zaidi ya hasira. Akachungulia kulia na kushoto. "Sasa sikiliza. Wangu nao hujibu. Si wote, lakini hujibu. Tangu nitoke mle najiuliza, wananisoma nini? Mimi uso wangu mnene huu, hauonyeshi kitu."

"Sijui."

"Na mimi sijui, nami siwezi kujitazama. Yule Daktari ana simu yake, lakini yeye hajui watoto. Wewe unajua watoto. Saa tano huna kipindi?"

Saa tano Mama Chaki aliingia darasa la pili, akajibana kwenye dawati la mwisho, magoti yakigonga ubao wa chini, daftari jipya limefunguliwa mbele yake. Mbele, Kibonge alikohoa, akaandika hesabu, akaanza kupita huku na huku kama mtu anayetembea juu ya mayai. Watoto waliokuwa wake mwaka jana wakageuka, midomo wazi. Mmoja akashindwa kujizuia.

"Mwalimu, na wewe umerudishwa darasa?"

"Nimerudishwa," akasema, akilowesha kidole kwa ulimi kufunua ukurasa. "Geuka mbele, nataka kuona."