Divai Iliyoishia Katikati ya Wimbo

Asubuhi mwonjaji alikuwa wa kwanza kufika kwenye chumba cha kuonjea. Alifungua dirisha kidogo ili harufu ya sabuni ya sakafu itoke, akatandika kitambaa cheupe mezani, akapanga glasi. Kitambaa hakikutakiwa kuwa na doa hata moja. Zabibu za pinot noir, ambazo wafanyakazi waliziita pino tu, zina ganda jembamba, na zikikulia kwenye baridi ya mlimani divai yake huwa na rangi hafifu, huwezi kuiona sawasawa juu ya ubao mtupu. Ndoo ya kutemea aliiweka pembeni, maana wageni huona aibu kutema mpaka mwenzao aanze.

Halafu akajimiminia divai ya mavuno yaliyopita, kidogo tu, ya kulowesha ulimi. Aliizungusha, akainusa. Ilinukia cheri ambazo hazijaiva vizuri, majani yaliyolowa, na kwa mbali uyoga. Akapiga funda. Uchachu ukamsisimua pembeni mwa ulimi, ukakasi ukaja taratibu bila kukwaruza. Kisha koo lake likaanza kuimba lenyewe, kwa sauti nzito ya kiume:

"Mama nibakishie, narudi jioni,
nitakula nikishavua..."

Hapo wimbo ukakatika, na pumzi ikakatika nao. Mwonjaji alishika ukingo wa meza akasubiri. Pumzi ilirudi, kama ilivyokuwa ikirudi kila asubuhi. Akamwaga ndooni divai iliyobaki kwenye glasi, akafuta mdomo. Ilikuwa divai nzuri, na hilo hapakuwa na mtu wa kulibishia.

Sauti ilikuwa ya Redio. Wafanyakazi wote waliijua. Redio alikuwa mkanyagaji, na walimpa jina hilo kwa sababu tangu aajiriwe hakuna aliyepata kitufe cha kumzima. Kazi yake ilikuwa ndani ya pipa la kukanyagia, pipa la mbao lisilo na kifuniko, refu kuliko mtu. Zabibu zikianza kuchacha humo, maganda hupanda juu na kushikana yakawa mazito kama godoro. Lazima mtu aingie peku, ashike ubao uliolazwa mdomoni mwa pipa, ayarudishe chini kwa miguu. Wakati huohuo zabibu hutoa hewa nzito, haina rangi wala harufu, nayo hutanda palepale mkanyagaji anapovutia pumzi. Ndiyo maana wakanyagaji huimba. Si kwamba wana raha kuliko watu wengine. Aliye nje akisikia wimbo anajua mwenzake mzima. Wimbo ukinyamaza, anamvuta.

Kwingineko milango ya ghala lenye mapipa hayo huachwa wazi, upepo ukaiondoa hewa ile. Hapa bosi alitaka ifungwe kwa komeo, kwa sababu kwenye baridi zabibu huchacha kwa kusitasita na kila chembe ya joto ilikuwa na kazi yake. Mwaka jana, siku Redio alipokuwa pipani, wageni walikuwa wakionja upande wa pili wa ukuta, bosi akatuma mtu amwambie apunguze makelele. Redio alikuwa mtiifu. Alinyamaza katikati ya mstari, akaendelea kukanyaga kimyakimya. Walipokumbuka kumtazama alikuwa amelala kifudifudi juu ya maganda. Mkewe aliambiwa ni moyo, akapewa fulana zake na viatu. Divai haikumwagwa.

Ilipokomaa, ikaanza kuimba. Kila aliyeionja aliimba kwa sauti ya Redio, awe mwanamume au mwanamke, awe na kipaji au hana, na kila mmoja alikwama palepale na kukosa pumzi kwa muda. Wageni waliipenda. Waliagiza kwa katoni. Mteja mmoja alilalamika kwamba wimbo haufiki mwisho, fundi wa divai akamweleza kwamba mwaka ule jua lilikuwa haba.

Mwonjaji alishazoea. Kilichomnyima usingizi mwaka huu ni kwamba nafasi ya Redio alikuwa amepewa mdogo wake yeye mwenyewe, wa kiume. Mdogo wake alikuwa amehangaika na vibarua mpaka viatu vikaisha soli, hivyo alipoitwa alikubali kabla hawajamaliza kumweleza. Leo ndiyo siku yake ya kwanza pipani, na leo kulikuwa na wageni. Mwonjaji aliogopa. Aliogopa tangu alipoamka.

Alimfuata bosi ofisini. Bosi alikuwa akipuliza chai.

"Bosi, naomba milango ya ghala iachwe wazi leo."

"Mama, baridi ya mwaka huu unaiona. Nikifungua, zabibu zinalala."

"Basi waache wakanyagaji waimbe."

"Wageni wanakuja kusikiliza divai. Nyimbo mbili kwa mpigo, watashika ipi?"

"Redio alikufa kwa ile hewa, bosi. Divai yenyewe inasema."

"Naisikia," bosi akasema kwa upole. "Inasema kila siku. Mimi sijabisha." Akamsogezea kiti, kama vile kuna mengine ya kuzungumza, kisha akarudia chai yake.

Alimkuta mdogo wake nyuma ya ghala anaosha miguu kwenye karai. Alikunja suruali mpaka juu ya magoti, na miguu yake ilikuwa imesinyaa kwa baridi.

"Usiimbe, watakutimua," mwonjaji alimwambia. "Lakini gonga pipa kwa kiganja. Usiache. Mimi nitakuwa nakusikia ukutani."

"Dada, na wewe kwa woga hujambo."

"Gonga tu, mdogo wangu."

"Haya, nitagonga mpaka unikome." Akacheka, akajipangusa miguu, akaingia ndani. Fundi akafunga mlango na kuteremsha komeo.

Wageni walifika wakiwa wamevaa makoti, wakaketi. Mwonjaji alisimama akiupa ukuta mgongo, karibu kabisa, mpaka mabega yakaugusa. Aliwaonyesha namna ya kuinamisha glasi juu ya kitambaa. Aliwaambia wasitafute nguvu kwenye pino ya mlimani, watafute harufu, kwani zabibu iliyoiva polepole haina haraka ya kusema. Mgongoni mwake kofi likalia, du. Likalia tena. Alipolisikia alishusha pumzi, na kila lilipochelewa alisahau alichokuwa akisema.

"Hiyo ni nini?" aliuliza bibi mmoja mwenye miwani.

"Mabomba," mwonjaji akajibu. "Tafadhali nuseni kwanza. Mnapata nini?"

Bibi akasema anapata udongo baada ya mvua. Mume wake akasema anapata cheri, ila huenda anasema hivyo kwa sababu imeandikwa kwenye chupa. Watu wakacheka. Du, ukuta ukasema. Mwonjaji alitaka kuwachelewesha. Aliwaeleza habari za ukungu, habari za majani yanayopunguzwa ili jua haba lifikie vichala, habari za mapipa, hadi bosi aliyesimama mlangoni akakohoa kidogo. Wageni wakanyanyua glasi.

Wakaanza kuimba wote kwa pamoja, sauti moja, ya Redio, kubwa kiasi cha kutikisa vioo vya dirisha. Mama nibakishie, narudi jioni. Mwonjaji hakuwa ameonja. Alibandika sikio ukutani na hakusikia chochote isipokuwa wimbo. Nitakula nikishavua. Wimbo ukakatika. Wageni wakakaa midomo wazi, wamekosa pumzi, mikono mezani, na kwa muda ule chumba kilikuwa kimya kabisa. Aliusikiliza ukuta. Ukuta haukusema kitu.

Alitembea mpaka mlangoni, maana hairuhusiwi kukimbia mbele ya wageni. Akampita bosi. Nje alikimbia. Komeo lilikuwa baridi na zito, akalinyanyua kwa mikono miwili, akausukuma mlango mpaka ukagonga ukuta. Mdogo wake alikuwa amening'inia kwenye ubao kwa kwapa moja, shavu likiwa juu ya maganda. Mwonjaji alipanda ngazi ya pipa, akamshika fulana, akavuta, akamwita, akavuta. Fundi alikuja akashika mkono mwingine. Wakamteremsha na kumlaza kizingitini, miguu myekundu mpaka mapajani, na mwonjaji akampiga makofi ya uso.

Upepo wa mlimani uliingia. Baada ya kitambo mdogo wake akavuta pumzi, akakohoa, akavuta nyingine. Macho yakafunguka. Alimtazama dada yake, kisha akautazama mlango.

"Dada, funga," akasema. "Joto linatoka."

"Umekaribia kufa."

"Najua. Funga mlango, tafadhali."

Bosi alikuwa amefika, akasimama pembeni mikono nyuma. Hakufoka. Alimuuliza fundi kama maganda yameshafika chini, fundi akasema yamefika nusu. "Basi apumzike kidogo," bosi akasema, "akijisikia vizuri amalizie. Simlazimishi." Mdogo wake alikuwa ameshaanza kujiinua kwa kushika fremu ya mlango. Alisema anajisikia vizuri.

"Usiingie," mwonjaji akamwambia kwa sauti ya chini. "Twende nyumbani. Tutapata kibarua kingine."

"Wapi, dada?"

Alitafuta mahali pa kumtajia. Mdogo wake alimngoja kwa adabu, kama alivyokuwa akimngoja tangu utotoni, kisha akapanda ngazi, akashika ubao, akajishusha. Fundi akausogeza mlango. Mwonjaji aliushika asiuachie, na ubaridi wa mbao ukampenya vidoleni. Kutoka ndani kofi likalia, dogo, la kumtuliza. Aliuachia mlango, komeo likashuka.

"Wageni wanakusubiri, mama," bosi akasema. "Wanataka kuonja tena."

Alirudi karibu anakimbia, akifikiria namna ya kuwazuia, awaambie chupa imeisha, awaambie wale mkate kwanza. Lakini wageni hawakuwa wamemsubiri. Walikuwa wamejimiminia wenyewe, glasi zimejaa, na yule bibi mwenye miwani alimpungia mkono kwa furaha.

"Subirini," mwonjaji akasema.

Walikuwa wameshameza. Sauti ya Redio ikajaa chumba, kubwa kuliko ya mwanzo, na kutoka ukutani hakuweza tena kusikia kitu.