Udongo wa Nyuma ya Jiko

Siku ya kuzindua bustani ya darajani, Ezron alivaa suti yake ya harusi, ingawa kifungo cha tumboni kilikuwa kimegoma kufunga. Nani angemcheka siku ile? Daraja la reli ya zamani pale Chapwa lilikaa miaka nenda rudi bila kuona treni, likiota nyasi na kuficha vibaka. Iliposemwa kwamba litageuzwa bustani ya kupumzikia, huko huko juu hewani, watu walicheka wakashika mbavu. Sasa waliocheka ndio waliokuwa wa kwanza kupanda ngazi, na Wazambia walivuka mpaka kuja kupiga picha.

Juu ya zege hapaoti kitu, na kazi ya kupandisha udongo alipewa Ezron. Walijaribu ule mwekundu wa kando ya barabara, maua yakanyauka. Ndipo akakumbuka nyumbani kwa marehemu mama yake, kijijini Mpemba. Nyumba ilikuwa imefungwa tangu msiba, na nyuma ya jiko palikuwa na migomba iliyolishwa majivu na maganda tangu enzi za bibi. Udongo wake mweusi tii, laini, mtu angetamani kuula. Aliutoa bure, kwa moyo mweupe, na yeye na vibarua wakajaza tipa kwa koleo mpaka pakabaki shimo.

Mkewe, Ruti, alikuwa Ileje akimuuguza mama yake, na alirudi jana yake tu. Ezron hakumwambia kitu, alitaka kumshangaza. Naam, alimshangaza.

"Baba Angel, kumbe mmefanya kweli!" Ruti alisema, akiinama kwenye kitalu cha maua na kuufinyanga udongo vidoleni. "Na huu udongo? Huu si wa hapa."

"Wa nyumbani huo, Mama Angel. Kwa mama, nyuma ya jiko. Ile migomba yako uliyokuwa unaibembeleza tumeng'oa yote!"

Alicheka. Ulikuwa utani wao wa zamani. Kila wakienda Mpemba, hata salamu hazijaisha, Ruti hubeba ndoo akaenda kumwagilia migomba, hata iwe masika.

Ruti hakucheka. Mkono wake ulibaki udongoni.

"Mmechota mpaka upande wa ukutani?"

"Pote. Kwani kuna nini? Ndizi tu hizo, tutapanda nyingine."

"Mtoto wetu yuko pale."

Mtoto gani? Angel alikuwa pale mbele yao akilamba aiskrimu. Kisha Ezron akaelewa. Ni yule wa kwanza, aliyezaliwa bila kulia. Kwao mtoto wa namna hiyo huzikwa na akina mama peke yao, bila msalaba, na mwanaume hachimbi wala haulizi. Marehemu mama yake ndiye aliyemchukua mikononi akatoka naye. Ezron aliifuata mila, na tusidanganyane, mila ilimfaa: kesho yake alikwenda kazini kama kawaida.

Na sasa amemfukua kwa koleo, mwanawe mwenyewe, akamtawanya darajani. Vitoto vya watu vilikuwa vikirukaruka ndani ya vitalu, viatu vikizama.

"Shukeni humo! Shukeni!" alipiga ukelele. Bendi ilinyamaza. Mhandisi wa mradi alikuja mbio kumuuliza kama anaumwa.

Ezron alipiga magoti kando ya mkewe, na suti yake ile ile, akatazama vitalu vilivyojipanga toka mwanzo wa daraja mpaka mwisho, vyeusi, vyote sawasawa. Machozi yalimtoka mbele ya mgeni rasmi na hakuona haya.

"Ruti," alimwita kwa jina lake, jambo ambalo hakulifanya tangu Angel azaliwe. "Amelala wapi mtoto wetu?"

Ruti aliutoa mkono udongoni, akautazama.

"Miaka yote hii nimekaa nikingoja uniulize hivyo," alisema. "Ningekushika mkono nikakupeleka. Leo umeuliza, na mimi sijui."